Jina la maradhi lisimponze mgonjwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, yupo mgonjwa ambaye hayafichi maradhi yake kamwe. Ni jina la maradhi yenyewe ndilo linalomficha.

Mwaka 1907, Siegfried Oberndorfer, tabibu wa Kijerumani mjini Munich, alieleza uvimbe mdogo wa utumbo ambao aliuona tofauti na saratani ya kawaida. Akauita karsinoidi, yaani kitu mfano wa saratani. Kiambishi hicho kifupi kilibeba hukumu nzito: kwamba uvimbe huo hauna madhara. Mwaka 1929 Oberndorfer mwenyewe alikiri kwamba unaweza kuwa hatari na kuenea mwilini. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Katika mpangilio wake wa 2010, Shirika la Afya Duniani liliuhesabu uvimbe wote wa jamii hii kuwa unaweza kuenea, na kuupanga kwa madaraja kulingana na kasi ya kugawanyika kwa seli zake.

Leo uvimbe huu huitwa wa nyuroendokrini, kwa kuwa huanzia katika seli zinazopokea ishara za neva na kumimina homoni. Seli hizo zimo utumboni, katika kongosho, mapafuni na kwingineko. Jina hili nalo limepotosha. Mwigizaji wa India, Irrfan Khan, alipotangaza Machi 2018 kwamba anaugua maradhi haya, wengi walidhani ni ubongo. Ikambidi aeleze kwamba sehemu ya kwanza ya jina hilo haihusu ubongo kila mara. Alifariki Aprili 2020.

Je, mgonjwa wetu huhisi nini? Aghalabu uvimbe ukishafika kwenye ini, joto humpanda usoni ghafla, huharisha mara kwa mara, na kifua hukoroma. Basi huambiwa ana pumu, au tumbo limechafuka, au, akiwa mwanamke, kwamba hedhi inakoma. Vitabu vya udaktari husema uso huwa mwekundu; juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Ushahidi unaobaki ni maneno ya mgonjwa.

Daktari akishuku, vipimo vipo. Mkojo hukusanywa kwa saa 24, na mgonjwa hukatazwa ndizi, nanasi na parachichi, kwani vyakula hivyo vina serotonini, homoni ambayo mabaki yake ndiyo yanayotafutwa. Kipande cha uvimbe nacho huchunguzwa kwa hadubini. Ukigunduliwa mapema, upasuaji unaweza kuuondoa kabisa. Ukiwa umeenea, sindano za oktreotidi huzuia homoni hizo, na tangu 2018 Marekani imeidhinisha dawa yenye mnururisho ambayo hujibandika kwenye seli za uvimbe na kuzishambulia. Hata hivyo, hakuna tiba inayoanza kabla ya mtu kueleweka.

Hapa ndipo sisi walimu tunapohusika. Wanafunzi wetu huandika insha nyingi juu ya ajali na arusi, lakini ni wangapi wanaoweza kueleza kwa Kiswahili sanifu maumivu yalianza lini, yako upande gani, hudumu muda gani, na huja baada ya kula nini? Wanaosomea udaktari nao hufunzwa magonjwa kwa Kiingereza, kisha hukutana na mama ambaye hana Kiingereza hicho. Anasema, "Nasikia moto usoni," nao huandika homa.

Tusidhani kwamba msamiati wa mwili ni anasa ya wanaisimu. Shime basi, walimu: somo la ufafanuzi lifundishwe kwa mwili pia, si kwa mandhari ya kijiji peke yake. Huenda mwanafunzi mmoja akamsaidia mzazi wake kueleza vyema kile ambacho macho ya daktari hayakukiona.