WENYE KUUJUA RUSIZI, JIWE LAO LIKO WAPI?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wandugu wa mjini,

Ng'ambo ya ziwa letu, kusini ya Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25-XI-1871. Wageni hupelekwa kulitazama, na wengi wanaamini kwamba ndipo Wazungu wale walipokutana. Si kweli! Walikutana Ujiji, na kitabu cha Stanley mwenyewe kinasema hivyo. Mugere walilala siku mbili tu. Malazi ya wapita njia yamegeuka hadithi ya inchi.

Na safari ile ilitafuta nini? Kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani ama unatoka. Basi sikilizeni. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika hapa Uvira, na wana wa mtawala wa hapa wakawaambia wazi: unaingia. Ikapita miaka 13 ndipo Livingstone na Stanley walipofika mlangoni mwa mto wakaona maji yanaingia. Wao wakapata jiwe. Waliosema kwanza, jiwe lao liko wapi?

Ninyi wachimbaji mnajua: jiwe halina mdomo. Anayeshika mizani ndiye husema kama ni mali ama takataka.

Tazameni Zimbabwe. Walowezi walisema kuta zile kubwa ni kazi ya wageni wa Malkia wa Sheba. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba, akasema ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akasema vilevile. Walowezi wengi wakaziba masikio. Kwa nini? Anayesema leo kwamba babu zako hawakujenga kitu, kesho atasema inchi si yako. Mwaka 1980 wenye inchi waliipa jina la kuta zile.

Lakini tusijibu uongo kwa uongo. Tusibomoe jiwe la Mugere, wala tusitunge mfalme ambaye hakuwako. Tudai kibao kimoja tu mlangoni mwa Rusizi: «Mwaka 1858 watu wa Uvira walisema mto huu unaingia ziwani. Walisema kweli.» Na walimu wawapeleke watoto wakisome.

Anayewaachia wengine kuandika habari za babu zake, atasomewa urithi wake kama mgeni.