Risala ya Vijana wa Sarakasi wa Magarini

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, na nyinyi wenye hoteli mliofika,

Sisi ni wanasarakasi wa Mambrui, Gongoni na Marereni. Kuruka tunajua. Tulijifundisha wenyewe ufuoni, maji yakipwa, kwa tairi kuukuu la lori lililofukiwa nusu mchangani: mtoto anakuja mbio, anakanyaga tairi, anapiga kichwangomba, na akianguka mchanga unampokea. Kilio chetu ni kutua.

Mchanga una wema na una hila. Kukimbia juu yake hula nguvu kama mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu, ndiyo maana mashavu ya miguu yetu ni kama mawe. Lakini mchanga humfichia mtu makosa. Goti likipinda kwa ndani, kisigino kikitangulia, hutasikia kitu. Siku ukiitwa hotelini, jukwaa ni vigae kando ya kidimbwi, tena vimerowa, na hapo ardhi yaweza kukurudishia kishindo kinachozidi uzito wako mara 10. Mwenzetu mmoja alitua hivyo msimu uliopita, katika hoteli tusiyoitaja. Kifundo kiligeuka, kikavimba kama embe ngowe. Akamaliza onyesho amesimama chini ya piramidi, wenzake mabegani, uzito wote kwenye mguu mmoja, kwa kuwa asiyemaliza halipwi.

Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Tunadai kimoja hapa Magarini. Sakafu ya mashindano ya jimnastiki ni mita 12 kwa 12, na chini yake mna springi, hiyo hatujaiomba. Banda la makuti na magodoro mazito ya kuangukia yatatufaa.

Tunadai na mkufunzi anayeijua miguu, si wa kutuongezea mbwembwe. Aanze na kushuka kutoka kibao kifupi na kutua kimya, magoti yakielekea vidole viliko. Kwanza kwa miguu miwili, kisha mmoja. Atufundishe kushusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi, ili ukano uzoee kubeba. Mirukomiruko ya haraka ije baadaye. (Mzee mmoja alisema hayo ni mazoezi ya wagonjwa. Ajaribu mara 15 kwa mguu mmoja, kisha tuzungumze.)

Nanyi wenye hoteli, wekeni magodoro jukwaani na mkaushe vigae. Mtupe dakika 20 za kupasha miili moto. Sasa hivi tunachutama nyuma ya jikoni saa nzima, halafu tunaitwa mbiombio, miguu imekufa ganzi. Na anayeumia kazini kwenu alipwe siku ile, pamoja na matibabu.

Majibu tunayataka kabla ya Disemba, wageni wa Kitaliano hawajaanza kujaa Malindi.

Ni sisi,
Wanasarakasi wa Magarini