Barua ya Jamaa Aliye Mbali Si Salamu Tupu

Ukitaja Rapsu mbele ya mtu wa pwani, huenda akakuuliza ni wapi. Ni kijiji cha upande wa Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, ambako Waborana, Waislamu wenzetu, hulima kwa kumwagilia maji katika nchi ya ukame. Lakini mkasa wa Waborana wa Isiolo si mgeni kwetu. Vita vya shifta, vilivyoanza 1963 na kufikia mapatano ya Arusha mwezi wa Oktoba 1967, viliwaangamizia mifugo na kuwatawanya. Wako waliokimbilia Somalia, wakaacha wazee na ndugu nyuma. Nasi tuliyaona hayo baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, jamaa walipotapakaa Mombasa, Dubai na Oman.

Katika mtengano wa namna hiyo, barua hufanya kazi kubwa kuliko kujuliana hali. Sheria yetu ya mirathi hutaka ijulikane nani yu hai na nani amefariki. Mtu aliyepotea bila habari, mali yake haigawanywi ovyo, na fungu lake katika urithi wa mwingine huwekwa, mpaka kifo kithibitike au kadhi ahukumu. Barua peke yake si hukumu. Kadhi ataipima pamoja na mashahidi. Hata hivyo, karatasi yenye tarehe na mwandiko unaojulikana yaweza kuonyesha nani alikuwa hai, nani aliozwa, na deni gani limebaki. Si bure Suratul Baqara, aya ya 282, ikaamrisha deni liandikwe.

Watu wa dini nyingine wamelitambua hilo. Wamennoni, Wakristo walioishi Urusi kwa vizazi, wapatao 20,000 walihamia Kanada katika miaka ya 1920. Barua za jamaa waliobaki, nyingine zikitoka katika kambi za Stalin, zilihifadhiwa, na leo ni ushahidi wa yaliyowapata.

Siku hizi simu imechukua nafasi ya barua. Sauti ya mama husikika papo hapo, nalo ni jambo la heri. Lakini simu ikiibwa, maneno huenda nayo. Barua za kale nazo huliwa na mchwa masandukuni, na wanaoyajua majina yaliyomo wanatutoka mmoja mmoja. Vijana wa Rapsu na wa Lamu wakae na wazee wao, wazisome, wayaandike majina, wazipige picha. Siri za watu zisitiriwe, ila haki za warithi zisipotee kwa uvivu wetu.