Tarakimu mbili zilizoliweka gari bandarini



Mwaka jana ndugu yangu aliyeko Mombasa aliniomba nimtafutie gari la kumpelekea mkewe kliniki. Nikatoka Maskati nikenda Dubai, Ducamz, kule Ras Al Khor, kwani magari ya huku kwetu Ghuba usukani uko kushoto na Kenya hawayataki. Ya usukani wa kulia, yaliyotoka Japani, yamejaa pale. Nikalipata. Likakaguliwa, likapewa cheti, wakala akaingiza maelezo kwenye mfumo, mimi nikaletewa picha kwenye simu: "Mzee, tayari." Nikatia simu mfukoni, nikenda zangu kuswali Alasiri.

Gari lilipofika Kilindini, nambari ya chasisi kwenye cheti iliishia 36, na ile iliyogongwa kwenye chuma iliishia 63. Zamani ungekwenda na karatasi yako ofisini, karani akakata kwa kalamu, akapiga muhuri, mkamalizana. Mfumo hausikii maneno. Alotuma ndiye wa kuomba marekebisho, naye yuko Dubai hapokei simu, na bandari inahesabu siku. Pesa alizoweka ndugu yangu za bima na matairi zote zikaishia kwenye gharama za kulihifadhi gari. Shemeji akawa anakwenda kliniki kwa tuktuk.

Simlaumu wakala peke yake. Mimi niliyesahihisha madaftari maisha yangu yote ya kazi sikukisoma kile cheti. Skuli ya misheni nilikosoma, padri wa hesabu akitulazimisha kuhakiki tarakimu wawili wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuatisha kwa kidole. Tukimcheka sana, maskini.

Na mambo ndiyo kwanza yanaanza. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya 2018/858, unamtaka mtengenezaji kuanzia tarehe 5 Julai 2026 atoe cheti cha gari jipya kwa data za kielektroniki, ili mamlaka za usajili zisome wenyewe kwenye kompyuta: uzito, moshi, matairi, kila kitu kwenye kisanduku chake. Mimi naunga mkono. Karatasi tumeona zikighushiwa. Ila kule anayejaza ni kiwanda chenye wahandisi. Kwa gari letu kuukuu anayejaza ni kijana wa ofisi ya klia mwenye magari chungu nzima mezani, ananakili kutoka picha ya simu.

Khasa mwaka ndio wa kuogopwa. Kenya hairuhusu gari lililotumika likizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na ukaguzi unafanywa kabla halijapakiwa melini. Kijana akikosea mwaka huo, gari zima linaonekana limekatazwa.

Kwa hivyo wanaosimamia mifumo hii nawaomba mambo mawili. Kwanza, mwenye gari apelekewe maelezo yote kwa Kiswahili, ayasome na ayakubali, kabla hayajatumwa. Pili, kosa la wazi kama la 36 na 63, mkaguzi wa bandarini aliyeliona gari kwa macho yake aruhusiwe kulisahihisha, jina lake libaki kwenye kumbukumbu, na siku hizo za kungojea asitozwe mnunuzi. Mtu asiyeruhusiwa hata kugusa kitufe kimoja cha mfumo vipi alipishwe makosa yake?

Na sie wanunuzi tusilale. Piga picha nambari iliyogongwa kwenye chuma, usikubali iliyoandikwa tu. Nambari ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna herufi I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukiona O hapo, ujue mtu kakosea. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe huwa na nambari fupi zaidi, yenye kistari katikati, usishtuke.

Wiki hii binamu yangu ananunua gari la kupeleka Mombasa, na cheti kanitumia asubuhi. Nimemwambia asimwambie wakala ndiyo mpaka jioni, mjukuu wangu akisharudi skuli. Yeye atasoma kwa sauti, mimi nitafuatisha kwa kidole.