Ratiba ya Agosti haivuki korongo la Januari

Anayewasifu sisimizi husifu umoja na bidii yao, sifa zilizosemwa mpaka zikachuja. Wataalamu wa kompyuta waliokota kwao jambo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Jean-Louis Deneubourg na wenzake wa Brussels waliwawekea sisimizi wa Argentina vijidaraja viwili kati ya kiota na chakula, kimoja kirefu, kingine kifupi. Wadudu hao hawana mnyapara. Kila mmoja huacha harufu anapopita. Waliopita kwenye kifupi walirudi mapema, harufu ikakolea huko upesi, wengine wakaifuata, hata karibu kundi zima likahamia kwenye daraja hilo. Mwaka 1992 Marco Dorigo, katika tasnifu yake ya udaktari mjini Milan, aliigeuza tabia hiyo kuwa algoriti: sisimizi wa kubuni hujaribu njia ndani ya kompyuta, na njia iliyo fupi huongezewa harufu zaidi.

Hesabu hiyo ina kazi Dodoma. Tuchukulie gari la dawa linatoka ghala la kanda la Bohari ya Dawa (MSD), lipitie zahanati 15 za Bahi na Chamwino, kisha lirudi. Namna za kupanga mzunguko huo ni zaidi ya bilioni 650. Kwa zahanati tano kalamu inatosha. Kwa 15 haitoshi.

Hata hivyo, naona ufupi wa njia si hoja kubwa kwetu. Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Korongo ambalo Agosti ni mchanga mtupu, watu wakifukua maji huku punda wakisubiri na madumu, Januari hushusha tope kwa mchana mmoja na kuliacha lori ng'ambo. Njia fupi ya kiangazi huenda masika isiwepo kabisa. Hapo ndipo inapofaa ile sehemu ya algoriti isiyosifiwa sana: harufu hukauka. Kila raundi alama zote hupunguzwa kidogo, na njia isiyopitwa hufifia yenyewe. Ajabu ni kwamba sisimizi wenyewe walishindwa hapo. Katika majaribio ya Brussels, daraja fupi lilipoongezwa baada ya kundi kuzoea refu, wengi waling'ang'ania refu, maana harufu ya zamani ilikawia kutoka. Mwanafunzi amempita mwalimu kwa kusahau upesi.

Wapo watakaosema dereva mzoefu hahitaji programu; analijua korongo kwa kutazama rangi ya maji. Ni kweli, na asubuhi ya mvua ningemwamini yeye kuliko skrini yoyote. Tatizo ni kwamba ujuzi huo anatembea nao kichwani. Akizunguka kwa muda wa saa tatu kukwepa daraja lililosombwa, habari ikaishia kwenye kitabu cha safari ndani ya gari, dereva wa kesho ataingia palepale. Yaani amepita bila kuacha harufu. Wengine watasema algoriti hii haiahidi njia bora kuliko zote. Haiahidi, kweli, hutoa njia nzuri kwa muda mfupi, na mvua inayobadili barabara kila wiki haimsubiri mtu anayetafuta iliyo bora kuliko zote.

Hoja nzito zaidi ni ya taarifa: bila habari za barabara, sisimizi wa kompyuta watanusa hewa. Lakini TARURA, yenye dhamana ya barabara za vijijini, makao yake makuu yako Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kinachofundisha kompyuta kipo jiji hilohilo. Ghala la dawa nalo lipo. Wala mwanzo hauhitaji mtambo wa gharama. Dereva atume ujumbe wa simu kwamba korongo fulani limepitika, saa ngapi, kwa gari gani, na ujumbe huo uandikwe tarehe ya mwisho wa matumizi, kama ilivyoandikwa kwenye maboksi ya dawa aliyobeba.