Tahadhari ya Upepo Isipuuzwe

Kaskazi imekatika. Siku za tanga mbili zimepita, upepo wa kusi umeanza kushika, na mvua za masika zinaendelea. Kwa sisi watu wa visiwani hii si habari ya kupitishia wakati barazani. Chakula chetu, biashara yetu, wagonjwa wetu na wanafunzi wetu hupita baharini. Kwa hivyo tunaona ni wajibu wetu kuwakumbusha wananchi, na zaidi viongozi waliopewa dhamana, kwamba majira haya hayataki mzaha.

Asili ya upepo huu iko mbali. Katika miezi hii nchi za kusini ya dunia huingia katika baridi, na hewa nzito ya huko husukumwa kupanda pwani ya Msumbiji hadi kwetu. Makete na Njombe, ambako ardhi iko juu, ifikapo Juni na Julai baridi huweza kugandisha umande juu ya majani. Kwetu hatuoni barafu, kwani bahari yenye joto huipunguza makali. Lakini nguvu yake haipotei. Hutufikia kwa sura ya upepo na mawimbi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, aliyekaa nchi kavu husikia hesabu tu. Aliyemo ndani ya ngalawa huona ukuta wa maji.

Wako wanaosema kuwa ajali haina kinga. Kauli hiyo ina mahali pake, lakini isiwe kichaka cha kuficha uzembe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuzamisha vyombo bandarini. Watu wa wakati ule walikuwa na udhuru, kwani hapakuwa na wa kuwaonya. Sisi hatuna udhuru huo. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na nyumba nyingi za visiwa hivi zikaingia msibani. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, tahadhari ilitolewa mapema na safari za boti zikasitishwa. Kilipofika kilikuwa kimepungua nguvu, na baadhi ya watu wakanung'unika kuwa wamepotezewa siku. Sisi tunasema siku iliyopotea hulipwa kwa siku nyingine. Roho iliyopotea hailipwi.

Hata hivyo, haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mvuvi anayeingia baharini siku ya upepo mara nyingi si mkaidi. Ni baba ambaye asipovua leo, watoto wake hawali leo. Kumwambia akae nchi kavu, kisha kumwacha na chungu kitupu, ni kumpa nusu ya msaada. Ndiyo maana tunavihimiza vyama vya ushirika vya wavuvi viweke akiba wakati bahari imetulia, ili iwafae wanachama siku za kusi, na tunaiomba Serikali iziunge mkono akiba hizo.

Kwa watendaji, tunayo matatu ya kusema. Kwanza, tahadhari isiishie katika redio na makaratasi ya ofisini. Masheha waifikishe kila diko, na misikitini itangazwe baada ya sala, mpaka anayelala kisiwa cha mbali aipate kabla hajatweka tanga. Pili, ofisa wa bandari anapozuia chombo, asimamiwe na wakubwa wake. Simu ya mtu mwenye cheo anayetaka kuwahi shughuli zake isiwe na nguvu kuliko upepo. Tatu, majaketi ya kuokolea yakaguliwe kabla ya safari, na abiria wasizidi idadi iliyoruhusiwa, hata ikiwa ni mkesha wa sikukuu.

Nao wananchi wasikimbilie bandari bubu pale boti kubwa zinapozuiwa. Nahodha anayekubali kukupakia siku hiyo hakufanyii hisani. Anauza usalama wako kwa nauli.

Sisi ni watu wa imani, na hapana asiyejua kuwa kila jambo lina mpangaji wake. Lakini tulichofunzwa tangu chuoni ni kuwa mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha akamtegemea Mungu. Ngamia wetu ni chombo. Upepo ukitangazwa, na kifungwe.