Delaware, jimbo la kupita tu?

Delaware ni jimbo la pili kwa udogo Marekani, lenye kaunti tatu tu. Barabara kuu ya I-95, wanayoipita wengi waendao Washington, hukatiza pembe yake ya kaskazini kwa kilomita 37 hivi. Mtoto akisinzia kidogo, limeshapita. Madereva wengi hulikumbuka kwa tozo na foleni, basi.

Hivyo ndivyo baba mmoja alivyopanga kulipita, jioni moja mwishoni mwa Mei. Nyuma walikaa watoto watatu, kila mmoja na simu yake. Saa tatu nzima hawajasemeshana, hata kugombana hawagombani.

"Baba watoto," mama akasema, "hatukimbizwi na mtu. Tushuke baharini."

Baba aliguna, lakini alikata kushoto. Wakashuka kusini kwa barabara namba 1, wakaupita mji mkuu, Dover, hadi Slaughter Beach kwenye Ghuba ya Delaware.

Maji yalikuwa ya bamvua, mwezi mpevu. Ufukwe umejaa viumbe wenye gamba kama kofia ya chuma na mkia kama mwiba. Watu huwaita kaa, ingawa ni ndugu wa karibu zaidi wa buibui na nge. Kila Mei na Juni hupanda mchangani kutaga mayai, na jamii yao ilikuwepo kabla ya dinosaria. Wimbi huwapindua wengine chali. Asiyeweza kujigeuza, jua la kesho humkausha au shakwe humla.

Kifungua mimba, mwenye miaka 14, alirudi nyuma akipiga kelele. Mama akamwonyesha: hawaumi, mkia hauna sumu, ila usimwinue kwa mkia, utamjeruhi. Mshike pembeni mwa gamba, mgeuze taratibu. Akamgeuza mmoja. Halafu wa pili. Baada ya nusu saa wote watano walikuwa wameinama mchangani, wakihesabu kwa sauti, simu zimebaki garini.

Baba ndiye aliyewaeleza kuwa damu yao ni ya buluu, na hutumika kupima kama chanjo na dawa za sindano zina sumu ya bakteria.

Washington walifika usiku wa manane, viatu vimejaa mchanga, mbu wamewatafuna. Kitinda mimba bado alikuwa macho, akitaka kujua chanjo yake ilipimwa kwa damu ya yupi kati ya wale.